Kidole Nilichomnyooshea Bwana Stoo

Mliokuwa nami juma lililopita mliniacha nimepiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, kichwa cha mdogo wangu kiko mapajani pangu, anatapika maji ya tindikali.

Kwa aliyeliokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, habari kwa kifupi ni hii. Mimi ni mpika rangi katika kiwanda cha vitambaa. Mume wangu anasimamia tanuri la kukaushia. Mdogo wangu, niliyemlea tangu mama yetu alipofariki, anasimamia hodhi la tindikali, pale sufu inapolowekwa. Majuma mawili yaliyotangulia, Mama Pacha, mtoa madoa wetu, alikufa chumbani kwake kazini kwa mvuke wa dawa ya madoa, kwa kuwa kuna mtu alizima feni. Jumatatu mkaguzi alikuwa aje kuuliza ni nani. Jumatatu hiyohiyo, saa moja kabla hajafika, mdogo wangu akasukumwa ndani ya hodhi.

Leo nawaambia nilichokifanya baada ya hapo. Naomba msinihurumie mapema.

"Nani?" nilimuuliza. "Mdogo wangu, nani amekufanyia hivi?"

Akafungua mdomo. Kikatoka kisauti kama cha paka, halafu damu, halafu hakikutoka kitu tena.

Macho yake yalikuwa mekundu hata mboni huzioni. Kisogoni, pale alipojigonga kwenye ukingo wa hodhi, palikuwa na mpasuko wa kutosha kuingia kidole. Mkono wa kushoto ulikuwa umegeukia upande ambao mkono haugeukii. Nikaitisha mpira wa maji. Tukammwagia na kummwagia, mpaka dereva wa kiwanda akasema tukizidi kuchelewa atakuwa anabeba maiti. Wakamnyanyua, wakaondoka naye.

Tukabaki mimi, watu kama ishirini, na Bwana Stoo.

Bwana Stoo, mtunza stoo wetu, alikuwa amesimama kando ya hodhi, amelowa mpaka kifuani, funguo zikining'inia kiunoni. Ni mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kukohoa kabla ya kusema neno. Akakohoa.

"Nimemkuta anaelea," alisema. "Nikaingia, nikamvuta."

"Huku ulikuwa unatafuta nini?" mtu akamuuliza.

"Nimesikia kishindo."

"Leo una masikio makali. Siku ile Mama Pacha anagonga mlango hukusikia?"

Swichi ya feni ya chumba cha madoa iko ukutani, hatua tatu tu kutoka mlango wa stoo. Majuma mawili mazima kiwanda kilikuwa kinamtazama Bwana Stoo kwa pembe ya jicho. Na asubuhi ileile mdogo wangu alikuwa ameshatangaza mbele ya watu kwamba anamjua aliyezima, na mkaguzi akija atamtaja. Kila mtu pale alishajua anataka kuamini nini. Kilichokosekana ni mtu wa kulisema.

Hapo ndipo nilipoiona ovaroli yake.

Ilikuwa na matundu. Tumboni, mapajani, kwenye mkono mmoja. Matundu madogo yenye kingo za kahawia, ambayo mtu yeyote wa kazi yetu anayafahamu. Tindikali.

Nikanyanyuka, nikanyoosha kidole.

"Angalieni nguo yake," nilisema. "Imetoboka. Wamekamatana pale juu, maji yakamrukia. Ndiye huyu."

Sikupayuka. Ningepayuka labda wangeniona ni dada aliyechanganyikiwa kwa uchungu. Nilisema taratibu, kama ninavyosema rangi imeiva, nao wakaniamini kama wanavyoniamini siku zote.

Bwana Stoo akalitazama tumbo lake mwenyewe. "Haya ya zamani," alisema. "Dada, wewe si unajua haya ni ya..."

Hakumaliza. Mti wa kukorogea vitambaa ni mrefu kuliko mtu, tena ni mzito kwa maji iliyoyanywa miaka nenda rudi. Wa kwanza ulimpata mdomoni. Aliweka kiganja chini ya kidevu, na meno yakadondokea humo, akayatazama kama mtu aliyepewa kitu asichokiagiza. Wa pili ukampata kwenye goti. Akaenda chini.

Baada ya hapo hata sikuhesabu. Watu waliokuwa wakimsalimia kila asubuhi walimpiga kwa buti, kwa miti, kwa mfuniko wa pipa. Mmoja alikuwa analia huku anapiga, analitaja jina la marehemu. Bwana Stoo alikuwa anajikinga kichwa kwa mkono wenye funguo, na funguo zikawa zinalia kila anapopigwa.

Nami nilimpiga. Teke, mbavuni. Nilisikia kitu kikivunjika ndani yake na nikafurahi. Neno hilo nimeliandika na kulifuta mara tatu kabla ya kulipeleka gazetini. Nilifurahi.

Kilichomwokoa ni mkaguzi. Aliingia mlangoni, mwanamume mwembamba mwenye faili kwapani, kaja kutafuta mashahidi, akakuta damu inatiririkia kwenye mfereji wa maji machafu. Polisi walipofika, hakuna aliyekuwa ameona kitu. Watu ishirini walikuwa wamekwenda chooni kwa wakati mmoja.

*

Hospitalini waliwalaza chumba kimoja. Mdogo wangu upande wa dirisha, Bwana Stoo upande wa mlango, katikati pazia la kijani.

Mdogo wangu macho yalifungwa bendeji. Koo lilikuwa limeungua ndani, hawezi kutoa sauti. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye plasta, wa kulia umezungushiwa shashi kwa malengelenge. Alilala usiku na mchana bila kujigeuza. Mume wangu hakuonekana siku ya kwanza. Alikuwa na homa tangu Jumatatu asubuhi, nilimwacha kitandani amejifunika gubigubi, na niliporudi jioni nilimkuta hivyohivyo.

Mke wa Bwana Stoo alikaa miguuni pa mumewe siku mbili. Mwanamke mfupi, mshona nguo, kidole gumba kimejaa alama za sindano. Siku ya pili akaja upande wetu wa pazia na kikombe cha chai.

"Kunywa, mwenzangu," alisema. "Hujala tangu jana."

Nikapokea.

"Nasikia wewe ndiye uliyenyoosha kidole," akasema.

Nikakishusha kikombe magotini.

"Sikulaumu. Ungekuwa mdogo wangu mimi, hata mimi ningetafuta mtu. Ila nakwambia, mwanamke kwa mwanamke: mume wangu hana moyo wa kumsukuma mtu. Hata kuku nachinja mimi."

Akarudi kwa mumewe. Nilikunywa chai yake yote mpaka tone la mwisho, maana nilikuwa na njaa, na mimi nilikuwa mtu wa namna hiyo.

*

Jumatano asubuhi nilirudi nyumbani kuoga. Mume wangu alikuwa amepata nafuu, yuko bafuni, anataka kwenda na mimi kumwona mgonjwa.

"Ninyooshee shati," alisema kupitia mlangoni. "Lile jeupe."

Lile jeupe lilikuwa limetoka vifungo viwili. Nyuma ya mlango wa chumba, kwenye msumari, chini ya koti lake, nikakuta lile la bluu. La pamba, safi, kavu. Lilikuwa gumu kidogo mkononi, basi. Nikalitandika mezani, nikanyunyiza maji, nikaweka pasi.

Hapa inabidi niwaeleze kitu cha kazi yetu, msipokijua hamtaelewa shati lile lilinionyesha nini.

Sufu ikija kiwandani inakuja na takataka za malishoni: mbegu, miiba, vipande vya majani. Huwezi kuvichambua kwa mkono ukamaliza. Kwa hiyo tunailoweka kwenye hodhi la tindikali hafifu, tindikali iliyochanganywa maji mengi, tunaikamua, kisha inakwenda tanurini. Sufu haidhuriki. Lakini jani likipata joto lile tindikali ikiwa ndani yake, linakuwa mkaa, ukilipiga linapukutika. Na pamba nayo ni mmea. Pamba ikirukiwa na maji ya hodhi, hutaona chochote. Italowa, itakauka, itaonekana nzima. Ngoja ipate joto.

Ndiyo maana anayefanya kazi kwenye hodhi havai pamba. Na ndiyo maana matundu ya Bwana Stoo, yaliyoonekana wazi nguo ikiwa bado inachuruzika maji, hayakuweza kuwa ya asubuhi ile. Yalikuwa ya zamani, ya kumimina tindikali kali kutoka kwenye madumu. Alitaka kuniambia hivyo nikaacha wamvunje meno. Mtoto wa mwaka wa kwanza kiwandani angelijua jambo hilo. Mimi nina miaka kumi na tisa pale. Na wale ishirini, hakuna aliyefungua mdomo kunisahihisha.

Je, nilisahau? Kila nikijiuliza napata jibu moja: mtu akishamtaka mkosaji, elimu yake yote inakaa kando na kumsubiri amalize.

Pasi ikapita kifuani mwa shati. Ikaacha nyuma yake vidoa vya kahawia. Nikadhani ni moto mkali, nikaipunguza. Vidoa vikawa vyeusi. Harufu ya karatasi inayoungua ikapanda. Nikaliinua shati dirishani, nikalikung'uta, na kifua kizima kikapukutika mezani, matundu kwa matundu, kuanzia kola mpaka kiunoni, na mkono wa kulia wote. Mwanga wa jua ukapita ukanipiga usoni.

Mtu aliyekuwa na homa kitandani Jumatatu nzima hawezi kurukiwa na maji ya hodhi.

Mume wangu akatoka bafuni amejifunga taulo. Akaliona shati. Hakujisumbua kuuliza ni nini. Miaka kumi na miwili ya tanuri, alijua vizuri kuliko mimi.

"Nilisema jeupe," alisema.

"Umemtupa mdogo wangu kwenye tindikali."

"Weka pasi chini."

"Umemtupa mdogo wangu, halafu ukaja kulala, ukaniomba nikuchemshie maji ya kujifukiza."

"Weka pasi chini tuzungumze."

"Kwa nini? Wewe ndiye uliyezima feni?"

Akalikaza taulo kiunoni. Kisha akacheka kidogo, kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Mimi?" alisema. "Unaniuliza mimi nani alizima feni?"

Ndugu zangu wasomaji, hapa nasimama. Kuna jambo nimewaficha tangu sehemu ya kwanza, na nyinyi mmeniandikia barua za kunipa pole, na nimezipokea.

Feni nilizima mimi.

Feni ile inatoa mvuke chumba cha madoa na kuupulizia uani, pale vitambaa vyangu vinapokaushwa. Siku ile nilikuwa nimeanika nyekundu, na feni ilikuwa inarusha vumbi la nyuzi juu yake, kila pigo doa. Nikaenda ukutani, nikazima. Dakika kumi tu, mpaka kitambaa kishike. Niliporudi mahali pangu, sufuria yangu ya rangi ilikuwa inachafuka, nikakimbilia siki kali ya kuituliza, nikaanza kukoroga, nikasahau. Mama Pacha alikuwa amefunga mlango kwa ajili ya vumbi hilohilo, na mlango ule ukifungwa hukwama. Hakuna aliyemsikia hata alipogonga. Walimkuta amelala juu ya meza, vidole vimechubuka kwa kugonga, shavu kwenye kitambaa, kitambaa hakina doa hata moja.

Nilimwambia mtu mmoja tu duniani. Mdogo wangu. Jumapili jioni, jikoni kwangu, nikilia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanishika mikono yangu hii ya bluu.

"Dada," alisema, "kesho mkaguzi anakuja. Jitaje mwenyewe. Usipojitaja nitakutaja, maana siwezi kumwacha Bwana Stoo abebe hili."

Chumba cha kulala na jiko letu vinatenganishwa na ubao mwembamba. Sikujua kwamba mume wangu yuko macho.

"Nilisikia kila neno," aliniambia sasa, taulo kiunoni, maji yakimtoka kichwani. "Nikapita geti la nyuma asubuhi. Nilikwenda kumbembeleza. Nikamwambia, huyu ndiye aliyekulea, ndiye aliyekufuta kamasi, unampeleka jela? Akasema hawezi kumdhulumu marehemu. Nikamshika kola. Akajinasua. Nikamsukuma."

"Ukamwona anazama."

"Nikamwona."

"Ukaondoka."

"Bwana Stoo alikuwa anakuja mbio. Niliona atamtoa."

Aliona atamtoa. Basi mtu aliyemtoa mdogo wangu ndani ya tindikali kwa mikono yake miwili ndiye yule niliyemvunja mbavu.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka pasi ikiwa kwenye mkono wake, chini kidogo ya kiwiko, na mlio, na harufu. Alinguruma. Akanipiga ngumi, nikaangukia meza, meza ikaangukia ukuta. Nikamtupia pasi ikamkosa, ikavunja kioo cha kabati. Akanikamata shingo na kunibana kwenye mlango, na nikamuuma kidole mpaka jino langu likakutana na kitu kigumu. Hakuniachia. Alizidi kukaza, uso wake ukiwa karibu kabisa na wangu, na machozi yakimtoka.

"Kwa ajili yako," alikuwa anasema. "Nimefanya kwa ajili yako, mpumbavu wewe. Kwa ajili yako."

Na ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli. Huyo mwanamume alikuwa ananipenda. Nilianza kuona giza, nikawa nafikiri hilo tu.

Simu yangu ikalia sakafuni. Ikalia, ikakata, ikalia tena. Akalegeza vidole. Nikaporomoka, nikaipokea nikiwa chini, sauti haitoki.

"Ni wewe dada wa mgonjwa?" Ilikuwa sauti ya muuguzi. "Mdogo wako ameamka. Anasikia, anaelewa kila kitu. Mkaguzi yuko hapa na askari, wanataka kumhoji. Njoo upesi, maana hakubali kushikwa na mtu, anatapatapa."

Mume wangu alisikia. Aliutazama mkono wake, ngozi ilivyojikunja. Kisha akachukua kitambaa cha jikoni akajifunga.

"Vaa," alisema. "Tunakwenda wote."

Tukaenda. Yeye na shati jeupe lisilo na vifungo viwili, mimi nimefunga mtandio shingoni kuficha alama za vidole. Njiani jirani alitusalimia, akatupa pole ya mgonjwa, na mume wangu akaitikia kwa adabu zote.

Kwenye ngazi za hospitali akaniinamia sikioni.

"Akinitaja mimi, nitaulizwa kwa nini. Na nitajibu."

*

Chumba kilikuwa kimejaa. Mkaguzi na faili lake. Askari mmoja kwenye kiti. Pazia la kijani lilikuwa limevutwa kando, na upande wa pili alilala Bwana Stoo, uso umevimba haujulikani, mrija puani, anapumua kwa kukoroma. Mkewe amesimama kichwani pake. Mume wangu akabaki mlangoni.

Nilipomgusa mdogo wangu mkono wa kulia, akatulia papo hapo. Hakuhitaji macho. Alinijua kwa mikono tangu ana miaka minne.

"Nimemweleza utaratibu," muuguzi alisema. "Hawezi kusema wala kuandika, na vidole havina nguvu, ukitazama huoni kitu kwa hiyo shashi. Ila ukimshika unasikia anabana. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana."

"Basi wewe utatuambia," mkaguzi aliniambia. "Uko tayari?"

Nikasema niko tayari. Mikono yangu ilikuwa ya baridi, ya mdogo wangu ya moto.

Mkaguzi akafungua faili. "Kijana, huyu aliyekushika ni dada yako?"

Mbano mmoja.

"Ndiyo," nilisema.

"Uliteleza ukaanguka mwenyewe?"

Mibano miwili.

"Hapana."

"Ulisukumwa?"

Mmoja, mkali zaidi.

"Ndiyo."

Askari akaandika. Mkaguzi akageuza ukurasa, na nikaelewa swali linalokuja kabla hajalitoa, na nikaelewa pia jinsi nilivyowekwa. Nikisema kweli, mume wangu anatiwa pingu pale mlangoni, na akifungua mdomo wake mimi ndiye ninayemfuata, kwa ajili ya feni, kwa ajili ya Mama Pacha, na watoto wake wawili watajua sura ya aliyemuua mama yao. Nikisema uongo, mtu aliyelala kitanda cha pili atatoka hapa akienda gerezani, kama atatoka. Hakuna mwingine chumbani aliyeweza kusikia vidole vile. Mimi peke yangu.

"Aliyekusukuma," mkaguzi alisema polepole, "ni mtunza stoo?"

Mdogo wangu akabana mara mbili. Kwa nguvu zake zote. Hapakuwa na shaka hata chembe.

Nikamtazama mume wangu. Hakunitisha, hakunikonyeza. Alikuwa ameushikilia mkono wake ulioungua, ananitazama kama mtu anayengoja kuambiwa matokeo ya kipimo.

Nikamtazama Bwana Stoo. Mrija, uvimbe, mdomo usio na meno.

"Amebana mara moja," nilisema.

Nilisema taratibu, kwa sauti ileile ya kwenye hodhi.

Mdogo wangu koo lilikuwa limeungua, macho yamefungwa, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Alinisikia. Akabana mara mbili. Akabana tena mara mbili. Na tena, na tena, bila kupumzika, mibano miwili, mibano miwili, kama mtu anayegonga mlango wa chumba kilichofungwa, na mimi nilikaa nimetabasamu kidogo, nikihakikisha uso wangu hausemi kitu.

"Andika," mkaguzi alimwambia askari.

"Ngoja kidogo, mzee."

Alikuwa mke wa Bwana Stoo. Alizunguka kitanda cha mumewe, akapita mbele ya askari, akaja kusimama karibu yangu. Hakuwa na hasira. Aliutazama mtandio wangu, akautazama mkono uliofungwa wa mume wangu mlangoni, kisha akanyoosha kiganja chake chenye alama za sindano.

"Naomba huo mkono niushike mimi," alisema.

"Hakubali kushikwa na mtu mwingine," nilisema.

Lakini mdogo wangu alikuwa amesikia pia. Vidole vyake vikalegea katika vyangu, kimoja kimoja, mpaka vikawa vimelala tu. Mwanamke yule akauchukua mkono, akauweka kati ya viganja vyake viwili, akauinamia, kisha akamgeukia mkaguzi.

"Muulize tena."